Dari la Udongo Katika Sinema ya Zamani

Vijana wa karakana mmeniomba niandike mambo niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Kusahau bado. Ila mke wangu amechoka kuyasikia, kwa hiyo sasa ni zamu yenu. Vyeo sitaviandika kwa sababu havikuwa vingi, na habari za mshahara hamhitaji kuambiwa, nyinyi wenyewe mnaupokea. Nitaandika kazi.

Nilianza nikiwa msaidizi wa seremala kwenye kiwanda cha chai, upande wa Kericho. Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyong'arishwa na msumeno mpya ambao baba alininunulia mjini Litein. Mzee Tanui, fundi mkuu wa mbao, aliuangalia ule msumeno, akautundika ukutani, akanipa nyundo na kopo la misumari iliyopinda.

"Nyoosha," akasema.

"Yote, mzee?"

"Ulitaka kuchagua?"

Nikanyoosha. Kesho yake kopo lingine, na keshokutwa lingine, mpaka nikaanza kuota misumari. Mzee Tanui aliamini kwamba msumari uliopinda bado ni msumari, ubao uliotoboka bado ni ubao, na kijana mvivu bado ni fundi, mradi apatikane wa kumnyoosha. Wakati huo nilimwona mchoyo tu. Siku aliponirudishia msumeno wangu nilikuwa najua kugonga msumari bila kuupinda, maana nilijua shida ya kuunyoosha.

Kazi yetu kubwa pale ilikuwa vitanda vya kunyaushia majani. Kwa ambao hawajawahi kuingia kiwandani, majani mabichi hayakimbizwi mashineni moja kwa moja. Kwanza yanatandazwa juu ya kitanda kirefu cha mbao chenye wavu wa waya, halafu feni kubwa inapuliza hewa kutoka chini mpaka yanalegea. Mbao za vitanda hivyo zinakunywa unyevu kila siku na zinaoza kwa zamu, kwa hiyo seremala wa kiwanda hakosi kazi. Mzee Tanui alikuwa akipita akiweka kiganja juu ya majani kama mama anayepima homa ya mtoto. "Hapa ni hewa inafanya kazi," alikuwa akituambia. "Ukiongeza moto, umepika mboga."

Mzee alipostaafu, nami nikahamia kwa mkandarasi mmoja wa Litein, tukawa watu wa mapaa. Nimeezeka shule Siongiroi ambapo upepo ulikuwa umeng'oa mabati na kuyapeleka kwenye shamba la jirani, na jirani akakataa kuyarudisha mpaka alipwe mahindi yake yaliyolazwa. Nimejenga zizi la mnada Chebunyo, na mkaguzi wake wa kwanza alikuwa fahali mmoja mwekundu aliyepita katikati ya nguzo zangu kana kwamba hazikuwepo. Nikarudia kazi, safari hii na nguzo nene. Fahali ni mkaguzi mzuri kwa sababu hapokei chai.

Lakini kazi ninayotaka mwijue vizuri ni ya mwisho, ile ya Sinema.

Mnalijua jengo lenyewe, lile la mawe lililo ukingoni mwa majani chai, lenye paa refu. Wazungu wa mashamba walilijenga ili waigize michezo yao wenyewe kwa wenyewe. Baadaye wafanyakazi walionyeshwa filamu humo, ndiyo maana hadi leo watu wanaliita Sinema. Kisha likawa kanisa, kisha ghala la mbolea. Mbolea ndiyo iliyolichosha. Vumbi lake lilikula vichwa vya misumari na kingo za mabati, na ukuta uliopakwa saruji na mtu fulani asiye na huruma ulifunga unyevu ndani mpaka mawe yakaota ukungu.

Kamati ilipoundwa ya kulifufua, mwenyekiti akawa Mama Wambui. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi Litein. Wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, na anaongea Kipsigis vizuri kuliko wajukuu zangu. Mhandisi alikuwa msichana wa kwetu Bomet, Injinia Cherono, mwenye kofia ngumu ya manjano na sheria moja tu: kilichopo kitumike kwanza, kipya kitafutwe baadaye. Nilipomsikia mara ya kwanza nilitaka kumuuliza kama Mzee Tanui alikuwa babu yake.

Kwa hiyo hatukubomoa, tulifungua. Mbao za podo za dari tulizishusha moja moja, tukazipiga brashi, tukazipanga kwa mfuatano wake. Mabati ya zamani, ambayo ni mazito mara mbili ya haya ya siku hizi, tuliyakwangua kutu na kuyapaka rangi, na yaliyooza tu ndiyo tuliyobadilisha. Saruji tukaibandua, tukapaka chokaa ili mawe yapumue. Maji ya paa tukayaelekeza kwenye matangi, maana ni ujinga kuishi Kericho na kununua maji. Mbao mpya zilikuwa sipresi kutoka kwa wakulima wa hapa hapa. Na misumari iliyopinda, eeh, niliinyoosha mwenyewe, vijana wakinicheka.

Shida ilikuwa mvua. Kwetu mvua ya alasiri ni kama mgeni wa kila siku, hata habishi mlango. Ikishuka juu ya mabati, mtu aliye jukwaani anafungua mdomo na kuufunga tu, husikii neno. Na huko jukwaani ndiko roho ya Mwalimu Chebet ilikokuwa.

Mwalimu Chebet anafundisha shule ya wasichana iliyo jirani, na michezo ya kuigiza ndiyo maisha yake. Mwaka uliotangulia wasichana wake waliigiza mashindanoni kwenye ukumbi wa mabati, mvua ikaja katikati. Yule aliyekuwa mhusika mkuu alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na majaji wakaandika kwamba hawakusikia mchezo. Aliniambia hayo akiwa amesimama kwenye jukwaa letu lililojaa vumbi, na macho yamelowa.

"Fundi, mimi nimebakisha jaribio moja. Hapa pakishindikana, naachana na michezo nifundishe ngoma. Ngoma angalau haihitaji mtu asikie maneno."

"Usiseme hivyo, mwalimu."

"Nasema hivyo. Siwezi kuvunja mtoto mwingine koo."

Mama Wambui naye alikuwa na lake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mfanyabiashara, na ukumbi usioingiza kitu humwumiza kichwa. Kwenye mkutano wa kamati alisema wazi wazi. "Siku ya ufunguzi ni ya watoto wa mwalimu. Mvua ikinyesha na tukawasikia, jukwaa linabaki. Tusiposikia, tunang'oa jukwaa, tunaweka meza za harusi na spika kubwa. Bibi harusi hahitaji kusikika, anahitaji kuonekana." Watu wakacheka. Mwalimu Chebet hakucheka.

Wengi walitaka tuweke zile pamba za glasi za kuzuia kelele zinazotoka ng'ambo, na dari jipya la jasi chini yake. Injinia Cherono alikunja uso. Zile mbao za podo zingeishia kuwa kuni. Akanigeukia. "Mzee, wewe umezeeka ukiezeka mapaa. Ni wapi uliwahi kulala na mvua isikusumbue?"

Nikamjibu bila kufikiri: kwa nyanya yangu. Baba alipotoa nyasi na kuweka mabati kwenye nyumba ya nyanya, chumba kimoja kilibaki na tabut, yaani lile dari la fito lililokandikwa udongo, ambako mahindi na kuni huwekwa. Mvua ikija, upande wa pili redio haisikiki, lakini chini ya tabut nyanya anaendelea kusengenya majirani kwa sauti ya chini na sisi tunasikia kila kitu.

Cherono akaketi juu ya rundo la mbao na kuanza kupiga hesabu za uzito. Udongo ni mzito, vijana, msije mkadhani ni mchezo. Alisema paa litabeba tabaka la unene wa vidole viwili, basi, na tena baada ya kuongeza vifungo vya mbao kwenye kila kenchi ya paa. Nilitaka vidole vitatu. Tukabishana siku nzima, na alikuwa sahihi. Tulipopakia mifuko ya mchanga kujaribu, kenchi ziliugua kidogo kwa uzito wa vidole viwili. Kwa vitatu zingeugua kweli.

Basi tukawaita akina mama. Kiongozi wao alikuwa Kogo Tapkigen, bibi aliyekandika nyumba za ukoo wake wote. Kogo ni nyanya, na huyu kila mtu alimwita hivyo, hata wenzake wa rika lake. Walipanda kwenye majukwaa ya ujenzi tuliyofunga kwa miti ya mikaratusi wakiwa na leso viunoni, wakachanganya udongo na samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, wakaupaka kwa chini kwenye mbao zetu za podo tulizokwisha kuzirudisha huku wakiimba nyimbo za kanisa. Cherono alipita nyuma yao na kijiti chenye alama. Kogo akamwambia, "Wee mtoto, kwa nini unapima? Mkono unajua."

"Mkono wako unajua, Kogo. Paa langu halijui."

Kogo akacheka hadi akashika nguzo. Wakapatana, na kazi ikaisha vizuri.

Na hapo ndipo tulipoingia matatani. Kwa mila za Kipsigis, nyumba ikikandikwa haiachwi ikae baridi. Lazima iwashwe moto, udongo ukauke na moshi ufukuze wadudu. Kogo hakuona sababu ya nyumba hii kuwa tofauti eti kwa sababu ina jukwaa. Siku hiyo Cherono alikuwa ameenda Bomet, na mimi nilikuwa nje nikitengeneza mfereji wa maji. Akina mama wakatafuta mapipa yaliyokatwa nusu, wakayaweka chini ya dari, wakawasha kuni mbichi. Kwa haki niseme, mapipa waliyaweka juu ya mawe, na moto wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini moshi! Ulipita kwenye matundu ya hewa tuliyoacha juu ya paa, ukapaa juu ya majani chai, na mtu mmoja akapiga simu Litein: Sinema inaungua.

Mama Wambui alifika akiwa amekumbatia kizima moto kilichokuwa bado na bei yake ya dukani, na nyuma yake kundi la waendesha boda boda, kila mmoja na mtungi wa maji. Hawakuuliza. Walimwaga yote. Maji yalipogusa mapipa, mvuke ukapanda wote darini, na udongo uliokuwa umeanza kushika ukarudi kuwa uji.

"Ngai! Nani aliwasha moto ndani ya nyumba ya mbao?" akapiga kelele Mama Wambui.

"Na nani alimwaga maji kwenye tabut mpya?" akauliza Kogo, mikono kiunoni. "Kwenu Nyeri ndivyo mnavyofanya?"

Walizozana kwa Kipsigis, Mama Wambui akiwa na maneno mengi zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nacheka na huku nataka kulia.

Siku zilizofuata hazikuwa za kucheka. Ilikuwa msimu wa mvua, na dari halikukauka. Lilitoa jasho, likanuka kama boma la ng'ombe, na mbao zetu za podo zikaanza kupinda kingo. Cherono alikuja kila asubuhi, anagusa, anatikisa kichwa. Akasema ikifika Jumatatu bado liko hivyo, itabidi udongo ushushwe wote, la sivyo mbao zitaharibika. Mwalimu Chebet alisikia. Wasichana wake hawakuja kufanya mazoezi siku hiyo. Niliumia. Kazi nyingi zimenishinda maishani, lakini hiyo sikutaka initoke mkononi mbele ya yule mwalimu.

Nikiwa nimelala chali juu ya jukwaa la mikaratusi, kiganja changu kwenye dari lenye maji, nikaona aibu. Mimi, niliyekulia kwenye vitanda vya majani, nimesahau kwamba kitu kibichi hakichomwi, kinanyaushwa! Dari lile lilikuwa kitanda cha majani kilichopinduliwa. Kilichokosekana ni feni.

Nilirudi kiwandani kwangu kwa zamani. Walikuwa na feni iliyotolewa kwenye kitanda kilichozeeka, imelala nyuma ya karakana, kuku wametagia ndani. Wakatuazima, kuku wakahamishwa. Tukaiweka katikati ya ukumbi, tukashona turubai kuwa bomba pana, tukaelekeza hewa juu. Cherono akafungua madirisha ya upande wa chini na kuyafunga ya juu, kisha akabadilisha mawazo akafanya kinyume, na kweli kinyume ndicho kilichofaa. Hewa baridi, polepole, bila moto. Kogo alikuja akaketi kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, akiangalia feni kama mtu anayeangalia mkwe asiyemwamini. Kila nilipopita nilipima kwa kiganja.

Udongo ulianza kubadilika rangi kutoka pembeni. Halafu katikati. Nyufa ndogo zilitokea, akina mama wakazijaza kwa uji mwembamba wa udongo na majivu. Jumatatu Cherono aligonga dari kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti nzito, iliyokufa. Akavua kofia yake ya manjano na kumvika Kogo. Harufu ya ng'ombe nayo iliondoka, au labda tuliizoea.

Siku ya ufunguzi ikafika, na jua likawaka kuliko siku zote za mwaka. Sijawahi kuona watu wa Kericho wakiliangalia jua kwa chuki namna ile. Mchungaji alisimama kuomba, na kwa mazoea akamshukuru Mungu kwa siku njema na kumsihi azuie mvua. Hakuna mtu aliyesema amina. Mchungaji akafumbua jicho moja kutazama kulikoni.

Mama Wambui alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, uso juu. "Fundi," akaninong'oneza, "bila mvua sina la kusema. Nitaleta meza zangu."

"Subiri, mama."

"Nasubiri. Lakini mbingu si mali yako."

Taa zikazimwa, wasichana wakaanza. Mchezo ulihusu mama na binti wanaogombana juu ya shamba, na ulikuwa na vicheko na uchungu pamoja. Mwalimu Chebet alikuwa ameuandika kwa makusudi: sehemu kubwa ya mwisho watu wanaongea kwa sauti ya chini kabisa, mama akiwa mgonjwa. Nilimwona kando ya pazia, midomo yake ikifuata kila neno. Nami nilikuwa natega sikio kwa paa, sisikii kitu, na moyo unashuka. Siku yote kavu. Kazi yote ile, halafu jua!

Sehemu ya mama mgonjwa ilipoanza, nikasikia watu wakinong'ona nyuma. Mnong'ono mpana, usiokoma. Hasira ikanipanda. Watoto wa watu wanaigiza, na watu wazima wanapiga soga! Nikainuka nusu, nikageuka niwanyamazishe. Safu za nyuma zote zilikuwa kimya, macho jukwaani. Kogo Tapkigen, na kofia ya manjano kichwani, akanitolea jicho: keti chini wewe.

Nikaketi. Mama Wambui hakuwa kwenye kiti chake. Simu yake ilikuwa imetetemeka, akatoka nje kuipokea. Mlango wa pembeni ukafunguka, upepo baridi ukanigonga shingoni, na kishindo kikaingia kama lori linalomwaga kokoto. Ukafungwa. Kishindo kikabaki huko huko nje.

Mama Wambui akaja akiinama ili asiwazibe watu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa kimeshikana na nywele, na viatu vyake vinalia chwa, chwa. Akachukua mkono wangu, akaufungua, akamimina ndani yake vipande vya barafu, vikubwa kama punje za mahindi ya kuchemsha. Mvua ya mawe, ndiyo ule mnong'ono. Juu ya majani chai ya watu, Mungu atusamehe, na mimi nikafurahi.

"Imeanza kitambo sana," akanong'ona. "Huko nje pameshakuwa peupe." Kisha akaketi, akaweka mkoba mapajani, na machozi yakamtoka. Yangu yalikuwa yameshatoka.

Nikanyanyua kiganja ili Mwalimu Chebet aone. Aliangalia barafu. Akaangalia dari. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akageuka upande wa jukwaa, ambako binti alikuwa amemwinamia mama yake na kumnong'oneza mzaha mmoja sikioni, polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka majirani wasikie. Na watu wa safu ya mwisho kabisa wakaangua kicheko.